Watano wa Mbele: Shajara ya Dereva katika Msimu wa Ohio State

31 Agosti 2024, Jumamosi. Columbus, Ohio

Mji umevaa nyekundu na kijivu, rangi za timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Ohio State, tangu asubuhi. Nimeingia kutoka Indianapolis na trela la friji, nikaliegesha kwenye kituo cha kampuni, nikapanda gari dogo kurudi nyumbani, nikakuta barabara zote zinazoelekea Mto Olentangy zimeziba. Ohio Stadium upo pale ukingoni tangu 1922, una umbo la kiatu cha farasi na unabeba watu zaidi ya laki moja. Laki moja, kwa mchezo wa wanafunzi wa chuo! Nimeishi hapa miaka mingi, na bado nikiuona umejaa mwili unasisimka.

Ohio State 52, Akron 6. Hakuna la kusimulia zaidi ya Jeremiah Smith, kijana wa mwaka wa kwanza, ambaye mchezo wake wa kwanza kabisa amefunga mara mbili.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zangu wa Tanga, ambao kila wakipiga simu Jumamosi huniuliza hizo kelele ni za nini. Mchezo wenyewe ndio huu. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi, kama mita tisa. Ikifaulu inapata manne mengine. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kuufikisha eneo la mwisho ni pointi sita na teke la nyongeza ni moja. Teke la kupitisha mpira kati ya nguzo ni tatu. Anayegawa mipira ni kwotabeki. Mbele yake wanapanga mstari watu watano wazito, kilo mia na arobaini na ushee, ambao ukimtoa senta anayeuanzisha mpira, wengine wanaweza kumaliza msimu mzima bila kuugusa. Kazi yao ni kukinga.

Mwanangu wa pili anacheza nafasi hiyo shuleni kwake, na ndiye aliyenifungua macho. "Baba," aliniambia, "mpira unakuchukua macho bure. Tazama wale watano, utajua mchezo unakwenda wapi kabla ya mtangazaji." Nimemsikiliza, na mchezo umekuwa mwingine kabisa.

28 Septemba, Jumamosi. Njiani, Interstate 70

Wameshafunga Western Michigan 56 kwa 0, Marshall 49 kwa 14, na leo usiku Michigan State 38 kwa 7 wakiwa ugenini. Nimesikiliza redioni kutoka mpaka wa Indiana hadi nyumbani.

Timu hii ina uzito wa pekee. Waliojiunga mwaka 2021, kina Jack Sawyer, JT Tuimoloau, TreVeyon Henderson, Emeka Egbuka, Denzel Burke, Tyleik Williams na Donovan Jackson, wengi wao wangeweza kuondoka kwenda kulipwa mamilioni katika ligi ya NFL. Wamerudi darasani. Sababu yao kila mtu hapa mjini anaijua: hawajawahi kuifunga Michigan, mahasimu wetu wakubwa.

5 Oktoba, Jumamosi. Columbus

Iowa wamefungwa 35 kwa 7. Smith amedaka mpira kwa mkono mmoja kwa namna ambayo jirani yangu, mzee wa Brava aliyekuwa haujali mchezo huu hata kidogo, ameomba nimrudishie picha mara tatu.

12 Oktoba, Jumamosi. Walcott, Iowa

Nimelala hapa kwa lazima ya sheria. Dereva wa trela Marekani haruhusiwi kuendesha zaidi ya muda wa saa kumi na moja, kisha lazima apumzike kwa muda wa saa kumi, na kifaa kilichofungwa kwenye gari kinaandika kila kitu. Bahati nzuri saa zangu zimeishia Walcott, kwenye kituo kikubwa kuliko vyote vya malori duniani. Ukumbini kuna televisheni, na saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za Iowa madereva wamejaa mbele yake: Masingasinga, Wameksiko, Wasomali, Wazungu wa Nebraska. Ohio State wako Eugene kucheza na Oregon, timu mbili ambazo hazijafungwa.

Kabla ya mapumziko Josh Simmons ameanguka akishika goti.

Simmons ndiye mkingaji wa kushoto kabisa. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijiandaa kurusha, mgongo wake hugeukia upande wa kushoto, kwa hiyo anayekuja kutoka huko hamwoni. Mtu anayesimama kushoto kabisa ndiye macho yake ya kisogoni. Msimu huu Simmons alikuwa hapitiki. Wamemtoa, na ukumbini watu wameendelea kula kuku wao. Mwanangu amenitumia ujumbe palepale: "Tumekwisha, baba."

Timu haikuisha, ilipigana hadi mwisho. Oregon wamepata teke la pointi tatu dakika moja na sekunde arobaini na saba kabla ya kipenga, 32 kwa 31. Kwotabeki wetu Will Howard akaanza kupanda. Wakaufikisha mpira hadi eneo ambalo mpigaji angeweza kujaribu, kisha Smith akapigiwa kosa la kumsukuma mlinzi na timu ikarudishwa nyuma. Sekunde kumi zimebaki, Oregon wakaingiza watu kumi na wawili uwanjani badala ya kumi na mmoja. Wakapigwa faini ya yadi tano, lakini sekunde nne zimekwishapita na hazirudi. Kwenye jaribio la mwisho Howard akakimbia, akajitupa chini ili asimamishe saa, na saa ikawa imefika sifuri.

Lile la mchezaji wa kumi na mbili limeniuma. Anayevunja sheria asifaidike kwa kuivunja. (Siku chache baadaye wasimamizi wa mchezo wamebadili tafsiri ya kanuni, timu iliyoonewa irudishiwe sekunde zake. Vizuri, ila Oregon wanabaki na ushindi wao.)

Sikulala mapema. Injini ya friji nyuma ya kitanda inawaka na kuzima usiku kucha, na kila ikiwaka nasikia tena mtangazaji akisema muda umekwisha.

26 Oktoba, Jumamosi. Ohio Stadium

Leo nimeingia uwanjani. Mwanangu alinisukuma tununue tiketi za Nebraska kwa sababu bei yake inakamatika. Tumekaa juu kabisa, upande wa kusini. Bendi imeandika neno Ohio uwanjani kwa miili ya watu, wanatembea mstari mmoja kama uzi, mpaka yule mwenye tuba kubwa anapochomoka kwenda kusimama kama nukta ya herufi ya i. Uwanja wote unamshangilia kwa sauti ambayo mfungaji wa bao angeiomba.

Tumeshinda 21 kwa 17 na hakuna aliyefurahi. Zen Michalski, aliyepewa nafasi ya Simmons, amehangaika, kisha naye akaumia na kubebwa nje. Mbio zetu zote zimeleta yadi 64 tu. Kwa timu yenye wakimbiaji Henderson na Quinshon Judkins nyuma, huo ni msiba. Kutoka juu kule niliona wazi: kila mara kushoto kulifunguka kabla Howard hajamaliza kuangalia.

(Wiki iliyofuata makocha wamefanya jambo la kijasiri. Wamemtoa Donovan Jackson kwenye nafasi yake ya gadi, ya pili kutoka kushoto, aliyoizoea miaka yote, wakampeleka nje kabisa. Mwanangu anasema watu hudhani ni hatua moja tu pembeni, kumbe ni kazi nyingine. Ndani unagongana na mtu aliyeko puani kwako. Nje unarudi kinyumenyume huku mtu mwepesi kuliko wewe anakuja mbio akichagua apite wapi.)

2 Novemba, Jumamosi. Interstate 80, Pennsylvania

Mpango wa Mungu: mzigo wangu wa New Jersey umenipitisha jirani kabisa na State College, mji wa timu ya Penn State, siku ileile Ohio State wanacheza pale. Karibu na Bellefonte magari yenye bendera za bluu na nyeupe yamenizunguka pande zote, watoto wakinipungia nipige honi, nami nimepiga, ingawa siko upande wao. Ndani ya Beaver Stadium wameingia watu 111,030, idadi ambayo uwanja ule haujawahi kuiona.

Na mtu ambaye Jackson amekutana naye katika mchezo wa kwanza aliouanza kwenye nafasi yake mpya ni Abdul Carter wa Penn State, mmoja wa wavamizi wa kwotabeki hatari kuliko wote nchini. Ukitaka kumtesa mtu, ndiyo hivyo.

Penn State wametangulia 10 kwa 0, na pasi ya Howard iliyonaswa ndiyo iliyowapa bao. Jackson alihangaika mwanzoni, kisha akatulia. Howard ni mtoto wa Pennsylvania. Penn State hawakumtaka alipokuwa shule, akaenda Kansas State, ndipo akahamia kwetu. Leo alikuwa na neno la kuwaambia.

Nimesimama kwenye maegesho ya madereva kwa mapumziko yangu ya nusu saa, na hapo ndipo robo ya nne ilipofika penyewe. Tunaongoza 20 kwa 13. Penn State wako yadi tatu kutoka kwenye mstari wetu na wana majaribio manne. Mara tatu wamempa mkimbiaji wao mpira, mara tatu ukuta umekataa. La nne wakarusha, mpira ukaanguka chini.

Sasa mpira ni wetu, lakini tuko yadi moja kutoka kwenye mstari wetu wenyewe, zimebaki dakika tano na sekunde kumi na tatu, na umati unapiga kelele hadi mtangazaji hasikiki vizuri. Kocha Ryan Day hakurusha hata mpira mmoja. Wamekimbia mara kumi na moja mfululizo. Yadi nne, yadi sita, yadi tatu, wale watano wakisukuma na Judkins na Henderson wakipita kwenye mianya, mpaka saa ikaisha na Penn State hawajaugusa tena mpira. Katika msimu wote sijasikia kitu kitamu kuliko hicho. Kurusha mbali kila mtu anakushangilia. Kumwambia adui unakuja kupita hapahapa, na bado ukapita mara kumi na moja, ni mambo ya wanaume waliokubaliana.

Rafiki yangu wa Lubumbashi, dereva mwenzangu, amenipigia anacheka. Yeye anamshangilia gadi wa kulia, Tegra Tshabola, tangu siku aliposoma jina mgongoni. "Ndugu, jina kama lile halipotei," huniambia.

16 Novemba, Jumamosi

Purdue 45 kwa 0 wiki iliyopita, leo Northwestern 31 kwa 7, mchezo umefanyika Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Chicago. Nilikuwa Kentucky napakia kuku.

23 Novemba, Jumamosi. Columbus

Juzi mazoezini senta Seth McLaughlin amekatika mshipa wa kisigino. Huyu alitoka Alabama akiwa amelaumiwa nchi nzima kwa namna alivyoanzisha mipira katika mchezo wao wa mwisho dhidi ya Michigan, akaja hapa, akawa mhimili. Sasa wawili katika wale watano wamekwenda. Carson Hinzman, ambaye alikuwa senta mwaka jana na akapoteza nafasi, amerudi katikati.

Indiana walikuja hawajafungwa mchezo hata mmoja. Wamerudi na 38 kwa 15. Caleb Downs amepokea teke la mpira na kukimbia nalo yadi 79 hadi mwisho. Wakingaji wamesimama imara. Mjini watu wameanza kuzungumzia Michigan kabla kipenga hakijalia.

30 Novemba, Jumamosi. Columbus

Wiki nzima chuoni herufi ya M imefunikwa kwa alama nyekundu ya X kila ilipoandikwa: kwenye milango, kwenye vibao, hadi kwenye majina ya majengo. Tangu 1934 kila mchezaji wa Ohio State anayeifunga Michigan hupewa kidani kidogo chenye umbo la suruali ya dhahabu, kwa sababu kocha Francis Schmidt alisema watu wa Michigan nao huvaa suruali mguu mmoja baada ya mwingine kama watu wote. Wale wa 2021 hawana kidani hicho. Leo ilikuwa nafasi yao ya mwisho.

Michigan walikuja na ushindi sita na vipigo vitano, na baadhi ya nyota wao hawakucheza. Kila mtu alitupa sisi ushindi wa mbali.

13 kwa 10. Michigan.

Nimeutazama sebuleni na wanangu, na nitasema ninachoamini. Michigan wana watu wawili katikati ya ukuta wao, Mason Graham na Kenneth Grant, na sisi tumekwenda kuwagonga hao hao, pale pale katikati, mbele ya senta aliyerudi juzi. Mbio zetu zimeleta yadi 77. Smith na Egbuka wako pembeni wanasubiri, na sisi tunachimba mwamba. Kilichofaa kule Pennsylvania kimegeuzwa kuwa itikadi. Pasi mbili za Howard zimenaswa, mateke mawili yamekosa nguzo, na baada ya mapumziko hatukupata hata pointi moja. Zikiwa zimebaki sekunde 45 Dominic Zvada akapiga teke lake, basi.

Wachezaji wa Michigan wakataka kusimika bendera yao katikati ya uwanja, ugomvi ukazuka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Sawyer aliing'oa ile bendera. Mwanangu alikuwa amekaa sakafuni, mkono mdomoni. Mama yake alimwita kula mara mbili hakuitika, nami sikumlazimisha.

8 Desemba, Jumapili. Njiani, Ohio kusini

Wiki nzima redio inamtaka Day afukuzwe. Nimechoka, nikaizima karibu na Chillicothe. Inasemekana wachezaji na makocha walikaa chumba kimoja wakaambiana ukweli wote.

Leo orodha ya timu za mtoano wa kuwania ubingwa wa vyuo imetoka. Mwaka huu kwa mara ya kwanza timu zimeongezwa kutoka nne hadi kumi na mbili, na sisi tumepewa namba nane. Kwa utaratibu wa zamani tungekuwa nyumbani. Wapo wanaosema timu iliyofungwa mara mbili haistahili. Mimi nasema waliopanga mtoano mrefu walitaka kuona nani anaweza kuinuka, basi waone.

20 Desemba, Ijumaa. Interstate 75, Knoxville

Nimepakia Georgia na kupanda kaskazini, na kuanzia Knoxville nimekuwa katikati ya msafara wa rangi ya chungwa. Mashabiki wa Tennessee wanakwenda Columbus kwa maelfu.

21 Desemba, Jumamosi. Columbus

Baridi ya kuganda, saa mbili usiku, na viti vingi vya Ohio Stadium vina rangi ya chungwa. Kabla robo ya kwanza haijaisha ilikuwa 21 kwa 0. Mwisho 42 kwa 17. Leo wamerusha kwanza, na ukuta wa adui ulipolegea ndipo wakakimbia. Jackson kushoto, Hinzman katikati, Tshabola na Josh Fryar kulia, na Howard ana muda wa kusimama na kuchagua. Swali moja halinitoki: kwa nini haikuwa hivi Novemba 30?

1 Januari 2025, Jumatano. Columbus

Robo fainali ya mtoano, Rose Bowl, California. Oregon wale wale, ambao hawajafungwa na mtu. Pilau ilikuwa bado jikoni tulipokuwa tunaongoza 34 kwa 0. Smith amefikisha yadi 187. Mwisho 41 kwa 21, na kwotabeki wao ameangushwa na mpira mkononi mara nane. Mwanangu hakukaa kitako jioni nzima.

10 Januari, Ijumaa. Effingham, Illinois

Theluji, malori yamebanana, na simu yangu iko juu ya usukani. Ni nusu fainali, na Texas wanatuchelewesha. Tunaongoza 21 kwa 14, nao wamefika yadi moja kutoka kwenye mstari wetu. Wakajaribu kuzunguka pembeni, wakasukumwa nyuma yadi saba. Jaribio la nne, kwotabeki wao Quinn Ewers akarudi kurusha, na aliyemfikia ni Jack Sawyer, waliyewahi kukaa chumba kimoja Ewers alipokuwa hapa Columbus. Sawyer akaugonga mpira, akauokota, na mtu yule mwenye mwili mkubwa akakimbia yadi 83. Ni mtoto wa Pickerington, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani kwangu. Nimepiga honi. Lori la jirani limejibu, na la tatu.

20 Januari, Jumatatu. Columbus

Fainali, Atlanta, dhidi ya Notre Dame. Kocha wao, Marcus Freeman, alichezea Ohio State, na ni Mweusi wa kwanza kuongoza timu katika fainali hii. Siku yenyewe ni ya kumkumbuka Martin Luther King. Nilimtakia heri kwa moyo wangu wote, isipokuwa matokeo.

Notre Dame wamekaa na mpira karibu dakika kumi mwanzoni na kufunga. Baada ya hapo sisi tumefunga mara nne mfululizo tulipopata mpira. Pasi kumi na tatu za kwanza za Howard zote zimefika. Judkins amefunga mara tatu. 31 kwa 7, kisha wakaanza kurudi: 31 kwa 23, jaribio la tatu, yadi kumi na moja zinahitajika. Nimewatazama wale watano. Wamesimama, wote, Howard akarusha juu upande wa Smith, yadi 56. Teke la pointi tatu likamaliza mambo, 34 kwa 23.

Watu wametoka nje kwenye baridi ile kali. Mwanangu ananikumbatia na ananizidi uzito. Ubingwa wa vyuo vya Marekani, wa kwanza kwa chuo hiki tangu msimu wa 2014. Hata hivyo wale wa 2021 wanaondoka na pete ya ubingwa bila kile kidani, na anayedhani kimoja kinafidia kingine hajakaa Columbus mwisho wa Novemba.

24 Aprili, Alhamisi. Columbus

Nimeomba ruhusa nisipewe safari usiku huu. NFL wanachagua wachezaji wapya huko Green Bay. Egbuka amekwenda wa kumi na tisa, Tampa Bay. Donovan Jackson wa ishirini na nne, Minnesota, na kila mchambuzi aliyemtaja alianza na zile wiki alizocheza kushoto kabisa. Tyleik Williams wa ishirini na nane, Detroit.

Raundi ya kwanza ina nafasi thelathini na mbili. Ilipofika ya mwisho mwanangu alikuwa bado macho, na shule ni kesho. Kansas City wamemchukua Josh Simmons, goti na yote.